Kabla Mgeni Hajavaa Glavu

Muuguzi mgeni akija kujitolea katika hospitali moja ya misheni upande wa Limuru, mara nyingi hupata malazi kwa watu wa Kitisuru, na kabla hajaingia wadini huletwa kwangu. Nimestaafu, lakini kazi hii sikuiacha. Nyumba yangu iko karibu na Lower Kabete Road, njia ya matatu za 118 ziendazo Wangige, kwa hiyo mgeni hapotei. Tunaketi barazani, namtilia chai, kisha namwomba anionyeshe karatasi mbili: leseni ya uuguzi ya kwao, na leseni ya muda kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya. Akikosa ya pili, namweleza kwa upole kwamba hatamgusa mgonjwa mpaka ipatikane.

Wengine hushtuka. Wamejilipia nauli, wameomba likizo isiyo na mshahara, wamekuja na moyo wa kusaidia, na sasa mama mwenye mvi anawadai karatasi. Ninawaelewa. Lakini huwauliza hivi: mimi niliyesajiliwa Kenya, nikishuka London leo usiku, je, kesho asubuhi naweza kuingia hospitali yenu na kumdunga mgonjwa sindano? Hakuna aliyewahi kuniambia ndiyo.

Nilianza uuguzi miaka ya 1980. Nilifanya wadi ya watoto, nikafanya leba, na miaka ya mwisho nikawa mwalimu wa wanafunzi wa uuguzi. Nimeshika zamu na Waitaliano, Wajerumani, Waairishi, Wamarekani na Wakorea, na wapo kati yao ambao mpaka leo nikikutana na kazi ya mikono yao namshukuru Mungu kwamba walikuja. Siku hizi wanaoniuliza habari za kujitolea si wageni peke yao. Majirani wangu wana mabinti na vijana waliosomea uuguzi na sasa wako Birmingham, Minnesota na Melbourne, na watoto hao wanataka kurudi kusaidia kwa wiki chache au miezi. Wazazi huniuliza: Sista, aanzie wapi? Na hospitali inamhitaji kweli?

Inamhitaji, ikiwa atakapoondoka, muuguzi aliyebaki wadini ataweza jambo ambalo jana hakuliweza. Akija kujaza pengo la mikono tu, pengo hilo lina wenyewe, na wenyewe wako nyumbani wakisubiri kuajiriwa. Nitafika hapo.

Kwanza sheria, kwa sababu ndiyo inayorukwa. Uuguzi nchini Kenya unasimamiwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na Baraza ndilo linaloamua nani aitwe muuguzi. Anayetoka nje hupeleka vyeti vyake, uthibitisho kutoka chombo kinachosimamia wauguzi wa kwao, na barua ya hospitali itakayompokea. Baraza likiridhika, humpa leseni ya muda. Kisha kuna Idara ya Uhamiaji. Tangu Januari 2024 mtalii wa Ulaya au Marekani huingia kwa idhini ya kielektroniki, ile eTA, lakini idhini hiyo haimruhusu kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Anayejitolea anahitaji pasi maalumu au kibali cha wanaotumikia mashirika ya dini na ya hisani. Yote haya huchukua wiki kadhaa, na hospitali makini huyaanza mapema. Kampuni nyingine za nje zinazouza safari za kujitolea humwambia kijana kwamba atayakuta yameshughulikiwa, na akifika hakuna aliyeyashughulikia.

Kwa nini nayakazania? Kwa sababu ya mgonjwa na jinsi anavyomwona mgeni. Mzungu akiingia wadini na mavazi ya hospitali, hata awe na umri wa miaka kumi na tisa, huitwa daktari. Nimemwona shosho mmoja kutoka Ndenderu amemshika mkono binti aliyekuja kabla hata hajaanza chuo kikuu, anamsimulia ugonjwa wake wote kwa Kikuyu, pale pale ambapo afisa wa kliniki Mkenya, aliyesomea kazi yake, amesimama na faili akingoja. Binti hakujipachika cheo hicho. Alipachikwa na rangi yake. Lakini mwenye cheo asichokisomea, siku moja saa nane usiku ataombwa afanye kitu asichokijua, na akiogopa kukataa, anayelipa ni aliyelala kitandani.

Si mambo ya kubuni haya. Jinja, Uganda, kijana mmoja Mmarekani asiye na mafunzo ya utabibu wala uuguzi alifungua mwaka 2009 kituo cha kuhudumia watoto wenye utapiamlo. Watoto wengi walipelekwa pale, na wako waliofia pale. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa wilaya waliamuru kifungwe. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa na watoto wao walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa maelewano ya kulipwa fidia, bila upande ulioshtakiwa kukiri kosa. Sisemi kwamba alikuja na nia mbaya. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ni mmoja wa wagonjwa wagumu kuliko wote: moyo wake ni dhaifu, chumvi za mwili zimevurugika, sukari inashuka ghafla, na maji yale yale yanayomwokoa mtoto mwingine yanaweza kumuua yeye. Nia njema haimwambii mtu hayo. Yanasomewa.

Na hata aliyesomea, tena akasomea vizuri, huenda akahitaji kuanza upya akifika kwetu. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti ambao mimi humsimulia kila mgeni anayefanya kazi na watoto. Unaitwa FEAST, na uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya utafiti wake Kilifi. Vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono baridi, mapigo ya mbio, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Huko, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine za kupumua, ndivyo walivyofanya kwa miaka mingi. FEAST ilichukua watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Katika saa 48 za kwanza, kati ya waliopewa maji kwa haraka walikufa zaidi ya 10 kwa kila 100. Kati ya wasiopewa hivyo walikufa 7 na kidogo. Dunia nzima ya madaktari wa watoto ilibidi ifikiri upya, na yaliyowafundisha ni miili ya watoto wa kwetu.

Kwa hiyo mgeni anapoona muuguzi wetu anamtundikia mtoto dripu ya polepole na moyoni anasema, "Huyu anachelewa," namwomba anyamaze, asome kwanza kile kitabu kidogo cha Wizara ya Afya cha miongozo ya matibabu ya watoto, ambacho muuguzi huyo anacho mfukoni. Baadaye aulize. Maswali yake tunayapenda sana. Wako wageni waliouliza swali moja tu na wadi nzima ikaona tatizo ambalo tulikuwa tumelizoea.

Dripu yenyewe ni somo. Muuguzi aliyefunzwa Ulaya siku hizi ameizoea pampu ya umeme: anaandika kiasi, mashine inafanya. Kwetu pampu ni chache, na zikiwapo huwekwa kwa wagonjwa mahututi. Waliobaki wanategemea macho ya sista na saa yake. Seti ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Ukitaka lita moja iishe kwa saa nane, hayo ni matone 42 kwa dakika. Unasimama kando ya mgonjwa, saa mkononi, unahesabu, unakaza kidude, unahesabu tena. Mgonjwa akigeuka au akikunja mkono, hesabu imeharibika, unarudi. Ukiwa na wagonjwa thelathini wenye dripu, usiku wako wote ni kuhesabu. Nimewaona wauguzi hodari wa Uholanzi wakihangaika na hesabu hii jioni yao ya kwanza huku mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili akiwaelekeza, na jioni hiyo huzaa heshima ambayo hotuba ya kumkaribisha mgeni haiwezi kuizaa.

Vivyo hivyo oksijeni. Kwao inatoka ukutani. Kwetu ni mtungi, au ile mashine inayovuta hewa na kuchuja, na stima ikipotea mashine inanyamaza. Muuguzi wetu akiripoti zamu hutaja mtungi umebaki kiasi gani kabla hajataja majina ya wagonjwa. Mgeni asiyejua hilo huona ni utaratibu wa ajabu. Stima ikipotea mara moja tu akiwa zamu ya usiku, naye huanza ripoti yake na mtungi.

Sijasahau kugusia tunakokaa, kwa sababu ni sehemu ya mafunzo yangu. Kitisuru ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa. Leo ni majumba yaliyojificha nyuma ya ua wa kayaba, mabalozi, wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa waendao Gigiri, askari langoni, jakaranda. Mgeni akiamka hapa husikia ndege tu, na baada ya siku mbili anaweza kudhani Nairobi ameijua. Lakini akitembea upande wa Loresho anafika Kibagare: mabati, vichochoro, maji ya kununua kwa mtungi. Wapo wafanyakazi wengi wa bustani na wa nyumba za Kitisuru wanaokaa huko, wanapanda huku asubuhi kwa miguu na kushuka jioni.

Ndiyo maana kabla ya wadi nampeleka Kibagare, tukiandamana na mhudumu wa afya ya jamii. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu hawa zaidi ya laki moja nchi nzima, kila mmoja akiwa na begi lenye mizani, mashine ya kupima presha, kipima sukari na simu ya kuandikia taarifa. Mama huyu tunayefuatana naye anajua kila mlango. Anamfunga mtoto utepe wa kupimia mkono: kijani, njano, nyekundu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo ni wa hospitali leo, si kesho. Mgeni anamsikia mama wa mtoto akieleza kwamba hospitali anaijua, ila hajamaliza kujiandikisha katika bima ya afya ya SHA, mume yuko kibaruani, na mtoto mwingine atamwachia nani. Siku akimpokea mgonjwa aliyechelewa kufika, hatauliza kwa ukali, "Mbona hukuja mapema?" Swali hilo limewafanya wanawake wengi wasirudi tena.

Nilisema pengo lina wenyewe. Wananchi wengi hudhani hospitali zetu zina wauguzi wachache kwa sababu nchi haina wauguzi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8, na sehemu kubwa ya upungufu huo iko Afrika. Ni kweli. Lakini Kenya kuna jambo la kuumiza zaidi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya kilichoanza mwaka 1927, pamoja na vyuo vya misheni na vyuo vikuu, huhitimisha wauguzi kila mwaka. Wanafanya mtihani wa Baraza, wanapata leseni, kisha wanakaa nyumbani. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti huajiri kadiri ya bajeti yake. Maelfu ya KRCHN, wauguzi wa afya ya jamii waliosajiliwa, wenye leseni halali wanaishi kwa lokamu, zamu moja leo, nyingine wiki ijayo. Wengine walichukuliwa kwa kandarasi za UHC, mpango wa afya kwa wote, mwaka 2020 na wakakaa miaka wakidai ajira ya kudumu. Wengine wameondoka nchini, na sitawalaumu.

Sasa mgeni anakuja na kujitolea bure. Hospitali yenye dhiki ya pesa huona nafuu. Katika hospitali moja nilimwona muuguzi wa lokamu, mama wa watoto wawili, akiondolewa kwenye ratiba ya mwezi kwa sababu wageni watatu walikuwa wamefika na "wadi imetosha". Wageni wale hawakuambiwa. Wangelijua, nadhani wangelia. Tangu hapo, barua yangu kwa kila hospitali inayoniomba nimwandae mgeni huwa na sharti moja: mgeni ni wa ziada. Ratiba iandikwe kana kwamba hayupo. Akiwapo, awe pamoja na muuguzi wetu, kitanda kwa kitanda, si badala yake.

Upo wakati mmoja tu nilioona mikono yoyote yenye ujuzi inahitajika, hata ya siku moja. Ni mwaka 2017. Wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, miezi mitano hivi, wakidai makubaliano yao ya malipo yatekelezwe. Mgomo ule ulikuwa wa haki, nami nina rafiki zangu waliogoma wakauza vitu vya ndani. Lakini wagonjwa wa kaunti walihamia hospitali za misheni. Akina mama walijifungua wakiwa wawili kitanda kimoja, na wengine kwenye magodoro sakafuni. Wakati huo muuguzi Mwairishi, mkunga mwenye uzoefu mrefu, aliyekuwa amekuja kufundisha, alifunga vitabu akasema, "Niambie nisimame wapi." Nikamweka pembeni mwa chumba cha kujifungulia, apokee watoto wachanga tu. Hakuuliza kwa nini hapewi kazi kubwa zaidi. Alikausha watoto, akawasugua migongo, wasiolia akawapulizia hewa kwa ambu begi, akawaweka kifuani mwa mama zao ngozi kwa ngozi. Mgomo ulipoendelea wiki baada ya wiki, alianza kumsimamisha kando yake mwanafunzi mmoja kila usiku. Alipoondoka, wanafunzi wale waliendelea pale pale pembeni, na baadhi yao leo ndio wanaofundisha.

Wauguzi wa rika langu, tukitafuta mfano wa namna ya kuja, huwa tunamtaja Leonella Sgorbati. Alizaliwa Italia mwaka 1940, akawa sista wa Consolata, akasomea uuguzi Uingereza, na mwaka 1970 akaja Kenya. Kwa zaidi ya miaka kumi alifanya kazi kwa zamu kati ya hospitali ya Consolata ya Mathari, Nyeri, na hospitali ya Nazareth, hii iliyo upande wetu wa Limuru. Angeweza kubaki muuguzi wa wadi mpaka uzee, na wagonjwa wangemshukuru. Lakini alirudi darasani, akasoma zaidi, na mwaka 1985 akawa mwalimu mkuu wa chuo cha uuguzi cha Nkubu, Meru. Wauguzi waliopita mikononi mwake wametawanyika nchi nzima.

Kisha, akiwa na miaka sitini, alikwenda Mogadishu. Somalia haikuwa na serikali imara tangu 1991 na vyuo vyake vya afya vilikuwa vimekufa. Mwaka 2001 alipeleleza uwezekano, na mwaka 2002 chuo cha uuguzi kikafunguliwa katika hospitali ya SOS. Mwaka 2006 wakahitimu wauguzi 34 wa kwanza. Wasisahau wasomaji: vijana hawa walisoma miaka yote hiyo katika jiji la vita. Na hata hapo Sgorbati hakuona kazi imekwisha, kwa maana chuo kinachotegemea mwalimu mgeni kitakufa akiondoka. Alikuja Kenya na watatu kati ya wahitimu wake ili wasomee ualimu wa uuguzi, warudi wamrithi. Viza ya kurudi ilimsumbua, ila akaipata, akarudi Mogadishu katikati ya Septemba. Tarehe 17 Septemba 2006, mchana, akitoka kufundisha, alipigwa risasi. Mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu na baba wa watoto wanne, aliuawa pamoja naye akimkinga. Wanaosimulia dakika zake za mwisho wanasema alirudia kwamba anasamehe. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri.

Huwa nawaambia wageni wasitishwe na kifo chake, hakuna anayewataka wafe. Natamani waangalie kalenda yake. Miaka kumi na tano ya kujifunza Kenya kabla ya kusimama mbele ya darasa kama mwalimu mkuu. Kisha wanafunzi, kisha walimu wa wanafunzi.

Kabla yake alikuwako Irene Stefani, Mwitaliano mwingine wa shirika hilo hilo, aliyefika mwaka 1915 na kutumwa katika hospitali za wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao, walioitwa Kariakoo, walikufa kwa maelfu, zaidi kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Mahema ya wagonjwa yalikuwa mabaya mno. Stefani aliosha vidonda na kuwalisha kwa mkono. Alifariki Gikondi, Nyeri, mwaka 1930, kwa tauni aliyoambukizwa akimuuguza mtu, na mwaka 2015 akatangazwa mwenyeheri Nyeri mbele ya umati mkubwa. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na wazee wa Gikondi walimwita hivyo miaka mingi kabla Roma haijasikia.

Si wageni kutoka mbali tu wanaojitolea, nasi tunakwenda. Mapema mwaka 2015, Ebola ilipokuwa ikiua Afrika Magharibi, Kenya iliwapeleka wahudumu wa afya wapatao 170 Liberia na Sierra Leone katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Walikuwa wamejiandikisha wenyewe. Majirani wa baadhi yao waliogopa hata kuwaaga kwa mkono. Walipofika walilazimika, kama mgeni yeyote anayefika kwetu, kufundishwa na wenyeji: namna ya kuvaa na hasa kuvua mavazi ya kinga bila kujigusa, namna ya kusema na familia inayotaka kumwosha maiti wake. Muuguzi wa Monrovia alikuwa mwalimu, Mkenya akawa mwanafunzi, na ndivyo inavyopaswa.

Uhusiano unaodumu huzaa kuliko ziara. Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kilianza ushirikiano na Eldoret mwaka 1989, na kutokana na huo ukazaliwa mpango wa AMPATH uliotibu watu wengi sana wenye virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Watu walipishana, wengine wakaja, wengine wakaenda, lakini hospitali ile ile, wauguzi wale wale, mwaka baada ya mwaka. Mgeni wa wiki tatu anaweza kufaa ikiwa anaingia katika mnyororo wa namna hiyo na anajua aliyemtangulia alifundisha nini na atakayemfuata atafundisha nini. Akija peke yake kwa wiki tatu, wiki ya kwanza anatafuta choo na stoo, ya pili anaanza kufahamu majina, ya tatu anaaga.

Mengine nitayasema kwa kifupi. Simu ikae mfukoni. Mtoto aliyelala na mpira wa oksijeni puani si picha ya kutuma nyumbani, na sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019 inamlinda yeye kama inavyomlinda tajiri wa Kitisuru. Dawa zisiletwe kwenye sanduku: Bodi ya Famasia na Sumu lazima iziidhinishe, na dawa zilizokaribia kuisha muda hutuachia kazi ya kuziteketeza. Uliza kwanza kinachohitajika. Mara nyingi ni vitu vidogo, kama kile kidude cha kupima oksijeni kinachotosha kidole cha mtoto mchanga, au saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Na ujifunze Kiswahili cha wadini kabla ya kupanda ndege. Mgonjwa wetu ukimwuliza maumivu yako ni ngapi kati ya kumi, atakujibu, "Niko sawa tu, sista," hata akiwa anavuja damu. Lazima uangalie kope zake, ushike mkono uone kama una jasho baridi, uinue shuka.

Mwaka ujao anakuja binti wa jirani yangu, muuguzi wa watoto wachanga huko Birmingham. Huyu ni Mkenya, kwa hiyo hakuhitaji leseni ya muda bali kuihuisha ya zamani, na ameshaanza mwenyewe. Alitaka kuja kwa wiki mbili afanye zamu. Tumezungumza kwa simu mara nyingi, mama yake akiwa amekaa hapa barazani akisikiliza, na sasa amepata likizo ya miezi mitatu. Atafanya zamu za usiku mwanzoni ili aijue wadi. Kisha kila Jumatatu atafundisha kumsaidia mtoto asiyelia katika ile dakika ya kwanza, kwa doli za mafunzo, na siku zilizobaki atasimama na wauguzi wakifanya kwa watoto halisi. KRCHN watatu wamechaguliwa kujifunza kufundisha, na mmoja wao yuko kwenye lokamu, kwa hiyo nimeiandikia hospitali imlipe kama kawaida siku za masomo. Wiki za mwisho wao ndio watakaoendesha darasa, yeye akikaa nyuma na kuandika kinachokosekana. Doli tumezipata na chumba kipo. Tunamsubiri metroni apange ratiba isigongane.